Patrick Yupi?

Kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, bandarini New York, kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na mtu wa kwanza kuandikishwa alikuwa msichana wa Cork aitwaye Annie Moore, aliyewasili kwa meli ya Nevada pamoja na wadogo zake wawili wa kiume. Alipewa sarafu ya dhahabu ya dola 10, magazeti yakamwandika, kisha akapotea machoni pa watu. Miaka mingi baadaye ikajitokeza familia moja ya Texas: Annie Moore ni bibi yetu, walisema, alielekea magharibi, akaolewa huko, akafa mwaka 1923 kwa kugongwa na tramu. Kisa kilipendeza mno. Kikaingia vitabuni, na wajukuu wakaalikwa kwenye sherehe pande zote mbili za bahari.

Tatizo ni kwamba Annie wa Texas alizaliwa Illinois. Mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak aliliona hilo kwenye kumbukumbu za umma, akashika njia kumtafuta Annie mwenyewe. Na namna alivyomtafuta inafaa kutazamwa vizuri. Msichana akiolewa jina lake hubadilika na nyayo zake hufutika, ila kaka hubaki na jina la baba. Kwa hiyo alifuatwa Philip, mmoja wa wale wadogo wawili. Hati ya uraia ya Philip ikapatikana katika nyaraka za jiji la New York, na kwa kupitia kwake ukoo mzima ukafunguka. Mwaka 2006 jibu likatoka. Annie wa kweli hakwenda magharibi wala wapi. Aliishi kwenye mitaa ya maskini ya Manhattan ya kusini, akaolewa na karani wa duka la mikate, akazaa watoto wapatao 11, akafa mwaka 1924 na kuzikwa Queens katika kaburi lisilo na jiwe la jina.

Kitu ninachokihusudu zaidi kwa mafundi wa nasaba za Waayalandi ni huko kulikataa jina linalofanana. Jina linalofanana lina uchawi wake. Mtu ameishi na swali tangu utotoni. Bibi yake alimwambia kwamba mzee wao aliitwa Patrick Murphy na alitoka Cork. Na usiku mmoja kioo cha simu kinamletea Patrick Murphy wa Cork, mwaka wa kuzaliwa ukikaribiana kabisa. Moyo unamruka. Asiye fundi humwingiza kwenye shajara ya ukoo papo hapo na kwenda kulala usingizi mnono. Fundi huuliza: Patrick yupi?

Swali zito hilo. Murphy ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ayalandi, na Cork ndiko limejazana. Majina ya ubatizo nayo yalikuwa machache: John, Patrick, Michael na Thomas kwa wavulana, Mary, Bridget, Catherine na Margaret kwa wasichana, na mengine ya kuhesabika. Tena familia nyingi zilifuata utaratibu wa kurithisha majina. Mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Binti wa kwanza alipewa la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba, wa tatu la mama yake. Utaratibu huu ni neema kwa mtafutaji, maana majina ya watoto humnong'oneza majina ya mababu. Lakini mchukue mzee Thomas mwenye wana watano. Kila mmoja akioa na kumwita kifungua mimba wake Thomas, kitongoji kimoja kitakuwa na akina Thomas watano, wana wa ndugu, jina la ukoo moja, waliozaliwa katika kipindi cha miaka kumi na kitu. Zaidi ya hayo, mtoto akifa mchanga jina lake mara nyingi lilipewa anayemfuata. Unaweza kumpata Bridget wako, ubatizo wake umeandikwa safi kabisa, kumbe huyo alizikwa kabla hajatembea na Bridget wako ni mdogo wake.

Hata hilo neno "Cork" lina mtego. Meli nyingi za wahamiaji ziliondokea Queenstown, bandari ya Cork ambayo leo inaitwa Cobh. Mjukuu wa Boston aliyesikia kwamba "tulitoka Cork" huenda amerithi jina la gati tu, na shamba la wazee wake lilikuwa Tipperary au Kerry.

Ugumu mwingine una tarehe yake. Mwaka 1922, Ayalandi ikiwa ndiyo kwanza inaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji waliopinga mkataba na Uingereza walikuwa wamejichimbia Four Courts, jumba la mahakama kando ya mto Liffey mjini Dublin. Ndani ya eneo hilo ndimo yalimokuwa makavazi ya taifa. Serikali mpya ikalipiga mizinga, na tarehe 30 Juni mlipuko mkubwa na moto vikateketeza kumbukumbu za karne saba. Vipande vya karatasi vilivyoungua viliruka juu ya jiji na kudondoka barabarani. Zilikwenda karibu sensa zote za 1821, 1831, 1841 na 1851, zikaenda wasia, zikaenda rejesta nyingi za ubatizo na ndoa za Kanisa la Ayalandi, yaani Waanglikana. Ila moto ule hubebeshwa pia mizigo isiyo yake. Sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimeharibiwa zamani kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zilisagwa ili kupata karatasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna aliyerusha bomu. Karani alipewa amri akatii.

Ukiwaza kwamba tangu 1845 ugonjwa wa viazi, ule ule ambao wakulima wa Kinangop na Njombe wanaupigia dawa mpaka leo, ulileta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafukuzia ng'ambo zaidi ya milioni nyingine, utaelewa shimo lilivyo. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2, ya 1851 ilihesabu milioni 6.6. Hizo ndizo sensa mbili ambazo kila mjukuu wa mhamiaji angependa kuziona, moja kabla ya njaa na moja baada yake, na ndizo zilizogeuka majivu.

Hapa ndipo kazi ya mafundi wa nasaba inapokuwa ya kistadi hasa, kwa sababu wamejifunza kusoma kilichoungua kwa kupitia kilichokigusa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa pensheni. Mwaka 1908 Bunge la London, ambalo bado lilikitawala kisiwa chote, lilipitisha sheria ya pensheni ya uzeeni. Kuanzia 1 Januari 1909 mzee maskini aliyetimiza miaka 70 aliweza kulipwa hadi shilingi 5 kwa wiki. Sasa, Ayalandi ilianza kusajili vizazi vyote mwaka 1864 tu. Mzee wa miaka 70 angetoa wapi cheti? Njia mojawapo ilikuwa kuomba karani wa Dublin amtafute mwombaji katika sensa ya 1841 au 1851, alipokuwa mtoto kwa wazazi wake. Fomu ya maombi ilitaka jina la baba, jina la mama, kitongoji, parokia na kaunti. Karani alifungua madaftari, akatafuta, akaandika alichokiona au kwamba hakuona kitu. Miaka kadhaa baadaye madaftari yakaungua. Fomu hazikuungua. Leo Makavazi ya Taifa ya Ayalandi yameziweka mtandaoni bure, na mtu anaweza kusoma ombi la bibi kizee aliyekula chumvi nyingi akililia shilingi zake 5, na ndani ya ombi hilo akakuta wazazi wake na mahali walipoishi mwaka 1851.

Pensheni hiyo iliacha pia mchezo kwenye sensa mbili kamili zilizosalia kutoka enzi ya utawala wa Uingereza, ya 1901 na ya 1911. Kati ya sensa hizo mbili watu wengi walizeeka kwa miaka 13, 15, hata zaidi. Aliyejiandika na miaka 56 mwaka 1901 anaibuka mwaka 1911 akiwa na 70 kamili, ajabu ya Mungu. Fundi hamwiti babu mwongo. Anajua kwamba wengi hawakuwa na uhakika wa umri wao, huandika makadirio yote mawili na chanzo cha kila moja, kisha huenda kwenye rejesta ya kanisa kuamua ugomvi.

Kwa katikati ya karne ya 19, chombo kinachoshikwa na kila mtu ni tathmini ya Griffith. Richard Griffith, mjuzi wa miamba na mhandisi, aliongoza kazi ya kuthamini ardhi na majengo ya nchi nzima ili kodi ikokotolewe kwa haki, na matokeo yakachapishwa kati ya 1847 na 1864. Hakukusudia kuhesabu watu. Ila kwa kuwa sensa hazipo, orodha yake ya walipa kodi ndiyo imekuwa mlango wa kuingilia. Uangalie ukurasa mmoja kwa makini. Kushoto kabisa kuna namba na herufi zinazokupeleka kwenye ramani: namba ni kiwanja, herufi kubwa ni kipande cha shamba, herufi ndogo ni nyumba iliyo juu yake. Linafuata jina la anayekaa, kisha jina la anayemkodisha. Kisha maelezo: nyumba, banda, shamba, au nyumba peke yake bila ardhi, na hapo unajua kwamba mtu huyu alikuwa kibarua. Kisha ekari pamoja na vipimo vidogo vya enzi hizo, na mwisho thamani kwa pauni na shilingi, ardhi mbali na jengo mbali. Nyumba yenye thamani ya shilingi 5 kwa mwaka ilikuwa kibanda cha udongo, haihitaji picha.

Na akina John Murphy wawili wakikaa kitongoji kimoja? Wathamini walikutana na tatizo hilo kila siku, wakalimaliza kama wanakijiji walivyolimaliza, kwa kuongeza jina la baba kwenye mabano au lakabu ya rangi ya nywele. Mabano hayo madogo ni dhahabu. Baba wa mtu aliyezaliwa kabla ya kuwepo cheti chochote anaweza kuwa amekaa humo, ndani ya mabano, kwa sababu ya kodi.

Kitabu kilipochapishwa kazi haikuisha. Ofisi ya tathmini iliendelea na madaftari ya marekebisho, na kila mpangaji alipokufa, kuhama au kufukuzwa, jina lake lilikatwa kwa wino wa rangi, jipya likaandikwa juu yake, na mwaka pembeni. Ya Ayalandi ya Kaskazini yanasomeka mtandaoni kupitia makavazi ya Belfast. Ndani yake unaweza kukifuata kiwanja kimoja kwa miongo kadhaa: Patrick, kisha mkato, kisha Honora mwaka 1883, kisha James. Fundi akiona hivyo haandiki "Patrick alikufa 1883". Anajua kwamba karani huenda alichelewa kurekebisha, kwa hiyo hufungua rejesta ya vifo na kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka mpaka ampate Patrick wa kitongoji hicho, aliyeacha mjane.

Nimesema kitongoji mara nyingi, na kwa makusudi. Ayalandi imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vidogo kiasi cha kuwa na nyumba tatu nne tu. Juu yake kuna parokia ya kiserikali, ambayo mipaka yake hailingani na parokia ya Kikatoliki, kisha baronia, kisha kaunti 32, na pembeni kuna wilaya za kusajili vizazi na vifo, nazo zina mipaka yake. Kuna Kilmore katika kaunti nyingi, na wakati mwingine zaidi ya moja katika kaunti moja. Asiyejua kitongoji chake hupotea katika hayo yote. Anayekijua ana kila kitu, kwa sababu kwenye kitongoji watu wanahesabika na majirani wanajulikana.

Majirani ndio siri ya kazi nzima. Mtu akipotelewa na mbuzi hamuulizi mbuzi, huuliza nyumba za jirani. Na mafundi hawa, wakishindwa kumpata Patrick, huwasoma wote waliomzunguka. Rejesta za Kikatoliki ndiko mahali pake. Maktaba ya Taifa mjini Dublin iliweka picha za rejesta hizo mtandaoni bure mwaka 2015, zikifika karibu na mwaka 1880. Mwandiko ni wa paroko mwenye haraka, wino umefifia, unyevu umekula pembe, na mara nyingi majina yameandikwa Kilatini: James ni Jacobus, William ni Gulielmus, Bridget ni Brigida. Mstari mmoja una tarehe, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa, halafu majina ya wasimamizi wawili wa ubatizo. Msomaji mgeni huwaruka wasimamizi. Mzoefu huanza nao. Msimamizi alikuwa shangazi, mjomba, binamu, jirani wa ukuta kwa ukuta; mtu wa kuja na kupita hakuitwa. Ukiwaandika wasimamizi wa watoto wote saba wa nyumba moja, koo mbili zitajitokeza zenyewe, ya baba na ya mama, na wale akina Thomas watano wataanza kuachana. Huyu husimamiwa na akina Sullivan kila mara, yule na akina Leary. Sasa unajua Thomas yupi.

Fomu za sensa ya 1911 zinastahili kukaliwa nazo pia. Kuna fomu ya nyumba, aliyoijaza polisi akiwa amesimama nje: kuta ni za mawe au udongo, ezeko ni la vigae au nyasi, vyumba vingapi, madirisha mangapi upande wa mbele. Hayo yalijumlishwa kwa alama, nyumba ikapewa daraja. Kuna fomu ya familia, aliyoijaza na kuitia saini mkuu wa nyumba, au kuweka alama ya msalaba kama hakujua kuandika. Na mwaka 1911 iliongezwa safu kwa wanawake walioolewa: ndoa ina miaka mingapi, watoto waliozaliwa hai wangapi, walio hai leo wangapi. Unasoma 9, kisha 5. Kwa mtafutaji zile tarakimu mbili ni kazi ya kufanya, kwa sababu watoto wanne hawajulikani na kila mmoja ana mstari mahali fulani. Sijui namna ya kuzisoma bila kunyamaza kidogo.

Upande wa Marekani una hazina zake, nami nitataja mbili. Gazeti la Pilot la Boston lilichapisha kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya watu waliokuwa wakiwatafuta ndugu zao waliopotea baada ya kuvuka bahari. Mke anamtafuta mume aliyetangulia kwenda kujenga reli. Dada anamtafuta kaka. Na ili msomaji asimkosee mtu, matangazo hayo yalitaja parokia, mara nyingine kitongoji, yaani kile kitu hasa ambacho karani wa bandari hakujisumbua kuandika. Ya pili ni benki ya akiba ya wahamiaji, Emigrant Savings Bank, iliyoanzishwa New York mwaka 1850. Wateja wake wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo benki iliwatambua kwa maswali: ulizaliwa wapi, ulikuja kwa meli gani, wazazi wako ni nani, wako hai au wamekufa, ndugu zako wako wapi. Majibu yaliandikwa daftarini. Makarani wa benki, wakilinda fedha, walitunza nasaba kuliko makanisa mengi.

Ufundi huu uliwahi kugusa Kenya kwa mlango wa pembeni. Barack Obama ameeleza katika kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, jinsi alivyokwenda Alego, Siaya, na kusimuliwa na bibi yake nasaba ya upande wa baba, jina baada ya jina, mdomo kwa sikio. Upande wa mama haukuwa na msimulizi. Ulikuwa na karatasi. Smolenyak, yule yule wa Annie Moore, alimfuata mama hadi kwa babu, kwa baba wa babu, hadi kwa mwanamke aitwaye Mary Ann Kearney, na baba yake Falmouth Kearney, aliyewasili New York mwaka 1850 akiwa kijana. Obama ni kilembwekeza wake. Kupitia rejesta za Waanglikana za Templeharry, mwaka 2007 ikathibitika kwamba akina Kearney walitoka Moneygall, kijiji cha kaunti ya Offaly, na kwamba baba wa Falmouth alikuwa fundi viatu. Bahati ilichangia mara mbili: jina Falmouth si la kawaida, na akina Kearney walikuwa Waanglikana ambao rejesta yao haikuwa miongoni mwa zile zilizoungua Dublin. Angeitwa Patrick, pengine tungekuwa bado tunatafuta. Tarehe 23 Mei 2011 Obama, wakati huo rais wa Marekani, ambaye wazee wa Alego wanamhesabu kuwa wao, alikunywa bia kwenye baa ya Moneygall, na kijiji kizima kikawa na binamu Ikulu.

Waayalandi wenyewe walikuwa na mafundi wa nasaba kabla ya karatasi hizi za kodi na pensheni. Zilikuwepo familia za wanahistoria wa kurithi, baba akimfundisha mwana, kwa sababu nasaba ndiyo iliyoamua nani arithi ardhi na nani atawale. Wa mwisho mkubwa kati yao alikuwa Dubhaltach Mac Fhirbhisigh, wa ukoo wa wanazuoni wa Lecan huko Sligo. Mwaka 1649 na 1650, tauni ikiwa mjini Galway na majeshi ya Cromwell yakisogea, alikaa Galway akikusanya nasaba za koo za Ayalandi katika kitabu kimoja kikubwa kwa Kigaeli. Wakoloni wakichukua ardhi, alijua nini kingefuata kuchukuliwa. Humo aliandika pia vitabu vipi alivinakili. Aliuawa mwaka 1671. Kitabu chake kilingoja hadi 2003 ndipo Nollaig Ó Muraíle alipokitoa kamili, majuzuu matano, pamoja na tafsiri. Ukikifungua unamkuta mtu mwenye tabia ya Smolenyak: haya nimeyakuta hapa, haya pale, na hapa vyanzo vyangu vinapingana.

Ni tabia hiyo ninayotamani wazazi waifuate wanapowaandikia watoto, maana shajara nyingi za ukoo zinazosambazwa leo ni majina matupu yaliyonakiliwa kutoka shajara nyingine tupu, kosa moja likizaa arobaini. Jalada zuri la familia halina haiba sana. Kila jina lina karatasi yake, na karatasi inasema jambo hili limetoka rejesta gani, ukurasa gani, mwandiko ulisomeka au la. Penye dhana pameandikwa dhana. Kisha kuna sehemu ambayo wengi huitupa, ya waliokataliwa: Patrick aliyebatizwa 1838, si wetu, alikufa 1840, Patrick wa 1841, si wetu, wasimamizi wake ni ukoo mwingine, Patrick wa 1843, huenda ni wetu, haijathibitishwa. Mtoto akirithi jalada la namna hiyo halazimiki kuanza upya wala kumwamini mama yake kwa sababu ni mama yake. Anaanzia kwa Patrick wa 1843.

Na safari hii kuna karatasi mpya za kuanzia. Sensa ya kwanza ya dola huru ya Ayalandi ilifanyika tarehe 18 Aprili 1926, ikafungiwa kwa miaka 100. Wapo walioisubiri maisha yao yote.

Wengine hawana subira hiyo, na sababu yao inaeleweka. Aliyezaliwa nje, akiwa na babu au bibi aliyezaliwa katika kisiwa cha Ayalandi, anaweza kuandikishwa katika rejesta ya vizazi vya nje na kuwa raia. Anatakiwa apange vyeti halisi kwa mfululizo: kuzaliwa na ndoa ya bibi, kuzaliwa na ndoa ya mama, kisha vyake, kila jina likishikana na la kabla yake. Uraia unaanza siku ya kuandikishwa, haurudi nyuma. Ili aweze kumpitishia mtoto, lazima awe ameshaandikishwa mtoto anapozaliwa. Akichelewa kwa siku moja, kamba imekatika hapo. Shughuli huchukua miezi. Ndiyo maana kwenye foleni ya vyeti utamkuta mtu ameshika karatasi ya ndoa ya bibi yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili picha ya ultrasaundi ya mkewe.